Muatasim na Kabati la Kifaransa la Bi Shaikha

Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, Muatasim anastaafu baada ya miaka thalathini na nne katika karakana ya samani za kale, Rusayl, nje ya Muscat. Wenzake wameniomba mimi, mama yake, niandike wasifu huu. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, Unguja, lakini kwa habari za Muatasim nna shahada.

Alianza kwa kufagia na kubeba mbao. Akaja kuyapenda makabati ya Kifaransa ya zama za wafalme wao, yale ya miguu iliyonyooka, mbele yana picha za magudulia, maua na zumari. Mtu hudhani zimepakwa rangi. Wapi! Ni vipande vya mbao nyembamba kama ganda la kitunguu, kila jani kipande chake. Muscat nzima hakuna anayemuweza, na anayebisha anajua nnapokaa.

Ana desturi moja. Hagusi picha ya zamani mpaka kwanza akate nakala nzima kwa mikono yake, ili akikosea, akosee huko.

Desturi hiyo ndiyo iliyotaka kumponza mwaka 2011. Bi Shaikha wa Qurum alileta kabati, picha yake imeanza kubanduka. Lilipokuwa tayari alilitazama, akalizunguka, akasema limekuwa safi mno. Alishasikia kwamba picha ziko mbili. Akadai ya asili imeuzwa, yeye anarudishiwa ya bandia. Mudiri Aws, mkuu wa karakana, akachukua funguo za karakana mikononi mwa Muatasim mpaka ukweli ujulikane.

Nyumbani hakula. Na mimi nkaanza kushuku watu. Nlimshuku Loai, mwenzake, kwa kuwa anacheka sana, aniwie radhi. Nlimshuku Bi Shaikha mwenyewe. Halafu, aibu yangu, nkamshuku mwanangu. Ijumaa alipokwenda kusali nlifungua stoo yake, nkakuta picha ya gudulia la maua imefungwa shuka. Nliichukua nkaizika kwenye pipa la mchele, asije mtu akaikuta.

Kumbe ndiyo ile nakala, na aliwaahidi mudiri na Bi Shaikha kuipeleka Jumapili, waiweke kando ya kabati wazipime. Akaitafuta, hakuiona. Akaenda Rusayl mikono mitupu, na Bi Shaikha akamwambia mudiri kwamba jawabu ndilo hilo, nakala iko kwenye kabati.

Loai ndiye aliyenipigia simu kuniuliza kama nimeiona. Nlichukua teksi, picha kwenye mfuko, punje za mchele zimeganda pembeni. Nliingia karakana watu wote wamesimama.

"Nliificha mimi," nkamwambia mwanangu. "Nlidhani umeiba."

Muatasim akanivutia kiti. "Kaa, mama," akasema.

Akaipangusa nakala, akailaza mezani. Kisha akafungua kibati cha shaba cha tundu la ufunguo wa kabati, ambacho hakuwahi kukigusa. Chini yake jani lilikuwa kijani kama kotmiri ya leo asubuhi. Nje ya kibati, jani hilo hilo kahawia kama chai. Mwanga wa miaka mia mbili umeinywa rangi yote, isipokuwa pale shaba ilipofunika. Nakala yake aliipaka kahawia moja, huku na huku, kwa hiyo ya kabatini ndiyo ya asili.

Bi Shaikha aliligusa lile jani kwa kidole, akamtaka Muatasim radhi. Mudiri akarudisha funguo. Tangu hapo amefundisha mafundi kumi na mmoja, Loai wa kwanza wao, na makabati ya Qurum yote hupita kwake.

Mimi hakuniuliza neno mpaka leo. Msamaha nlimwomba siku ile kwa haraka, mbele ya watu. Sasa nnauandika, usomwe na wote: mwanangu, nlikushuku, nawe ulikuwa safi.

Tunawashukuru wenzake kwa kumtunza. Pumzika, Muatasim, Mungu akupe afya na macho yaone mbali. Ufunguo wa pili wa stoo yako, niliofungulia Ijumaa ile na kukaa nao kwa siri miaka yote hii, nimeuweka juu ya meza yako.