Ndoo ya Pili ya Mzee Chilongani

Mzee Filipo Chilongani, fundi bomba wa Kituo cha Tiba ya Viungo Chamwelu, Area D, Dodoma, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya karibu miaka ishirini na saba ya utumishi. Wasifu wake ulikuwa umekwisha kuandikwa, pamoja na picha yake akitabasamu kando ya tangi. Huo tumeuweka pembeni. Ulisema kwamba anatuacha akiwa na afya njema, na baada ya yaliyotokea Jumatano iliyopita hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kuyasoma maneno hayo mbele ya watu. Asubuhi ile, kwa muda ambao sote tuliuona mrefu mno, hatukujua kama Mzee ataondoka hapa akiwa anaona.

Alizaliwa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, karibu na reli. Jicho lake la kushoto liliharibiwa na ugonjwa wa trakoma akiwa mtoto, kwa hiyo kila bomba lililofungwa katika kituo hiki limefungwa kwa jicho moja. Wageni hawakugundua. Waliogundua ni wale waliomjia kutokea kushoto, wakamwamkia shikamoo, wakajibiwa na bega.

Wengi wetu hapa ni wa kuja. Tulikotoka maji yalikuwa laini, na tuliyazungumzia kama watu wanavyomzungumzia ndugu aliye mbali. Mzee Chilongani hakuwa na subira na kumbukumbu hizo. Alituonyesha birika la jikoni, ndani limefunikwa ukoko mweupe wa chokaa mnene kama ganda la yai, akasema haya ndiyo maji yetu na yana tabia zake. Ukoko huohuo huingia katika hita ya bwawa la tiba. Ukiachwa, maji hupoa, na mgonjwa wa kiharusi aliyeanza kuinua mkono ndani ya maji ya uvuguvugu hurudi kitandani kungoja. Kwa hiyo kila mwaka, kabla upepo wa baridi haujashika, Mzee aliisafisha hita.

Kazi yenyewe aliifanya kwa mpangilio usiobadilika. Alifunga koki mbili ili hita itengane na bwawa. Alifungua yunioni, kile kiungio cha bomba, akaunganisha fitingi alizokuwa akizitunza katika kopo la siagi, kubwa ikipokea ndogo, mpaka bomba nene likakubali mpira mwembamba. Pampu ndogo iliinyonya dawa ya kuyeyusha ukoko kutoka ndooni, ikaiingiza ndani ya hita kwa chini, nayo ikarudi kwa juu huku ikitoa povu. Dawa ya ndoo ya kwanza ikichoka, ndoo ya pili huwa tayari pembeni.

Zamani dawa hiyo ilikuwa asidi kali ya madumu yenye alama ya fuvu. Ilisafisha haraka. Pia ilikula suruali. Suruali ya tatu ilipotoboka magotini, mkewe, Mama Zipora, alikataa kushona kiraka kingine na kutangaza kwamba ya nne itakuwa gunia. Mzee, ambaye hakuwahi kumwogopa mkurugenzi yeyote, aliogopa. Mwaka uliofuata aliomba stoo kilo kumi za ndimu ya unga. Ludovick wa stoo alilikataa ombi hilo akiuliza ni pilau la nani, na hata baada ya kueleweshwa aliendelea kumwita Mzee "mpishi wa hita". Ndimu ilikuwa ya polepole, lakini ilifanya kazi, na suruali zilipona. Madumu machache ya zamani yalibaki kwenye kona ya stoo.

Sasa Jumatano. Vijana walipanga kumwagia Mzee maji kwa kumuaga, kama wanavyomwagiana siku za kuzaliwa. Anyitike wa mapokezi, ambaye ameomba mwenyewe atajwe, alipewa kazi hiyo. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu alfajiri, jambo lisilomshangaza mkazi wa Dodoma, na Anyitike alizunguka uwanja mzima na ndoo tupu. Alipofika kwenye hita alimkuta Mzee amepiga magoti, akikaza yunioni yake ya mwisho katika utumishi wake. Pembeni palikuwa na ndoo iliyojaa kitu cheupe, safi kama maji. Anyitike aliiinua, akapaza sauti, "Hongera, babu!" na Mzee akageuza uso kuangalia ni nani, akamwagiwa yote usoni.

Tulikuwa tumeanza kupiga makofi. Makofi yalikatika vibaya, moja moja, kama watu walioambiwa habari ya msiba kwa zamu. Mzee alikuwa ameshika jicho lake la kulia, lile zima, kwa viganja viwili na spana imeanguka. Muuguzi Rukia Halfani alipiga kelele, "Ni ipi, Mzee? Ya dumu au ya ndimu?" Meno ya Mzee yalikuwa yamebanana kwa maumivu. Mtu alikimbilia bomba la ukutani, akalifungua, likakohoa hewa. Hapakuwa na tone.

Kulikuwa na maji mengi mahali pamoja tu. Rukia alimkumbatia Mzee kiunoni, wakaingia bwawani pamoja, yeye na gauni lake la kazi, Mzee na mabuti yake. Alimfungua kope kwa vidole na kumchotea maji usoni bila kupumzika, akimwambia, "Fungua, baba, fungua tu." Sisi tulisimama ukingoni. Anyitike alikuwa ameketi chini, ameikumbatia ile ndoo. Wagonjwa walijazana madirishani, na pampu iliendelea kunguruma.

Ni lazima kueleza hapa kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona Mzee Chilongani ndani ya bwawa, wala kumwona akiruhusu mtu kulikaribia na viatu. Kibao cha VUA VIATU aliandika yeye. Aliwahi kumrudisha mlangoni mgeni wa heshima pamoja na msafara wake.

Hatimaye jicho lilifunguka, jekundu kama nyanya. Lilipepesa. Lilimwangalia Rukia, likashuka taratibu kwenye maji, likabaki huko.

"Rukia," alisema Mzee, "umeingia na viatu."

Ndipo tulipolia, wanaume kwa wanawake.

Daktari wa macho alimweka chini ya uangalizi siku hiyo na kusema wekundu utaisha. Alisema maji ya haraka yalisaidia sana. Alisema pia kwamba kama ingekuwa ile ya dumu, asingekuwa na la kutibu. Aliporudi, Mzee alimwita Anyitike, wakachanganya ndoo nyingine pamoja, na hita ikamalizwa. Bwawa lina joto leo.

Asante, Mzee, kwa maji yote uliyotupashia moto. Asante, Mama Zipora, kwa kiraka ulichokataa kushona. Nendeni Gulwe salama. Shamba liwape, maji yawe karibu, na jicho hilo lione wajukuu wakikua. Sisi huku viatu tutavua.