Blanketi la Setilaiti

Treni ilipoanza kuondoka, fundi cherehani aliona gazeti mikononi mwa mama aliyekaa mbele yake. Lilikuwa na picha ya setilaiti iliyofunikwa kitambaa cha kung'aa, naye akaguna kama aliyechomwa na sindano yake mwenyewe. "Lile blanketi ningelishona mimi."

Mama akashusha gazeti. "Blanketi? Kwani setilaiti inaumwa homa?"

"Na mimi nilicheka hivyohivyo, mama. Bwana mmoja wa kampuni ya anga aliniletea kazi hiyo, nikamwuliza ni la kitanda cha tano kwa sita au sita kwa sita. Wateja wakavunjika mbavu. Kumbe huko juu jua linaunguza, kivuli kinagandisha, lazima chombo kifunikwe. Yule bwana akavuka barabara, akampa kazi shemeji yangu, naye fundi cherehani. Leo shemeji ana mafundi wanane, oda zinatoka ng'ambo, na mimi nakunja pindo za suruali."

Hakuongeza kwamba baadhi ya suruali hizo ni za mafundi hao.

"Si umwombe kazi?"

"Nilimwomba. Akaniuliza, kazi ya tano kwa sita au sita kwa sita?"

"Utani wa mashemeji huo! Rudi kesho."

Treni ikasimama. Fundi akainuka taratibu. "Hata mimi, mama, siku ile na yule bwana nilikuwa natania tu."