Mpiga Kinanda wa Baa na Neno Lililomezwa na Kelele

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Kinanda, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli.

Alisoma hadi darasa la nane. Kupiga kinanda alijifunzia kwenye kwaya ya kanisani, iliyomtimua mwaka 1968 kwa kuchangamsha wimbo wa Noeli hadi wazee wakatikisa mabega. "Kosa si langu," alijitetea, "mabega ni yao."

Tangu 1970 alipiga kinanda kwenye baa kwa miaka thelathini na minane. Historia ya nyimbo za Krismasi za wanywaji aliiandika kwenye daftari la shule: nani aliuanzisha kila wimbo, baa ipi, walikunywa nini. Alisema nyingi zilianza kwa watu waliopita mlango kwa mlango wakiimba wapewe kikombe cha pombe, zikanawa uso ndipo zikaingia kanisani.

Tarehe 9 Juni 1979 alimwoa muuguzi, wakajaliwa binti mmoja. Kila Krismasi alikuwa kazini, akiwachezesha wasio na pa kwenda, huku akiwakumbuka mkewe na binti yake nyumbani. Ndipo akatunga wimbo wa Krismasi wenye mstari "Nijazie nyumba, ee Mola." Wanywaji walidakia "Nijazie!" wakainua glasi, na "nyumba" ikapotelea kwenye kelele. Ulirekodiwa hivyo hivyo, na mkewe akausikia redioni.

"Hata Krismasi unaomba pombe?" alimwuliza.

"Ningeomba chai, wangenifukuza."

Alikuwa mwepesi wa mzaha, mzito wa kusema la moyoni. Mkewe aliondoka na mtoto tarehe 27 Desemba 1988. Marehemu aliishi peke yake miaka thelathini na mitano, na tusidanganyane, ndugu zake tulimwalika kwa mdomo tu. Ilimuuma, nasi tulijua.

Mwaka 2021 kiharusi kilimchukua mkono wa kushoto. Desemba hii dada yake, anayewasomea haya, aliukuta mstari ule daftarini, akampigia binti simu, akamsomea, kisha akampa marehemu simu aongee naye.

"Baba, kumbe ulisema nyumba?"

"Nilisema nyumba, mwanangu."

Binti alipanda basi siku hiyo hiyo. Marehemu alifariki hospitalini tarehe 16 Desemba 2023, saa nne asubuhi. Basi lilifika saa tisa alasiri.

Ameacha dada, aliyekuwa mkewe, binti, na wajukuu wawili ambao leo ndiyo mara yao ya kwanza kumwona babu yao.

Mola ampe pumziko jema.