Chupa Niliyoifungia Sandukuni

Ejok, hamjambo ndugu zangu. Mimi si msemaji, na leo sikuleta habari tamu. Nisikilizeni hivyo hivyo.

Mwaka wa 2012 mke wangu alishikwa na saratani ya shingo ya kizazi. Kule Lodwar walituambia wazi kwamba hatapona. Wakatupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, chupa mbili, tukarudi nyumbani Kakuma. Sista mmoja wa hospitali alichukua namba yangu. Kila Jumanne na Ijumaa ananipigia, anauliza mgonjwa amelalaje, amekula nini, kisha ananieleza la kufanya. Dawa ilikuwa kipimo kimoja kila baada ya saa nne, hata kama halii.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikufanya hivyo. Mimi ni mtoto wa ukame. Nililelewa kwamba cha mwisho hakiguswi mpaka siku mbaya ifike. Tena niliogopa akiizoea dawa, haitamsaidia siku ya kufa. Nikawa nampa asubuhi na jioni tu. Chupa ya pili nikaifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo nikauvaa shingoni. Sista akipiga nasema, "Nampa kama ulivyosema." Na mke wangu yuko pale kwenye ngozi ya kulalia, anauma kitambaa ili majirani wasisikie.

Alikaa hivyo wiki tatu. Nikizikumbuka, najichukia.

Ijumaa moja sista akaniambia, "Mzee, leo mpe mama simu, nataka kusikia sauti yake." Sikuwa na pa kukwepea. Nikamwekea sikioni. Mwili ulikuwa umekwisha, lakini ulimi wake haukuugua hata siku moja.

"Sista," akasema, "huyu mzee amefungia dawa yangu kwa sanduku kama mahindi ya njaa. Na mimi njaa yangu iko hapa tayari."

Nikachukua simu, nikangoja kutukanwa. Sista hakunitukana.

"Mzee, siku mbaya ndiyo hii. Dawa haitachoka, na chupa zikiisha tutakupa nyingine. Maumivu yakizidi, tutaongeza kipimo. Fungua sanduku, mpe sasa. Mimi nangoja hapa kwa simu."

Nikafungua. Baada ya muda akalala, kitambaa kikamtoka mdomoni. Nilitoka nje nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Saratani haikumwachia. Lakini alikaa mpaka mvua za mwaka uliofuata, akinicheka, akiniagiza mahali pa kumzika. Namshukuru sista yule, na yule mama wa Sudan Kusini kutoka kambi ya wakimbizi aliyekuja kumwosha bila kuitwa. Nanyi mnaouguza, nafuu ya mgonjwa haiwekwi akiba. Mpeni leo.

Siku tuliyomzika, sista alipiga. Akauliza, "Aliondoka na maumivu?"

"Hapana," nikamwambia. Na siku hiyo sikumdanganya.