Maisha ya Josephat Wanzala Khaemba na Mshono wa Kulala Kushoto

Mchungaji, jamaa, majirani wa Kawangware, wenzetu wa Laini Saba, na nyinyi wenye magari mliojaza ua wa kanisa tangu asubuhi, Bwana asifiwe. Mimi ni Bridgit, kitinda mimba wa Mzee Khaemba, na marehemu ni kaka yangu. Leo Alhamisi, tarehe 23 Oktoba 2025, tunamuaga hapa, na Jumamosi tutamlaza kwetu Namwela. Ibada hii ya Nairobi aliitaka mwenyewe. Alisema wateja wake wasisumbuliwe kwenda Bungoma, maana magari yao yako chini mno na barabara ya kwetu ina mawe.

Josephat Wanzala Khaemba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1965 katika kijiji cha Namwela, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ignatius Khaemba na marehemu Mama Robai. Ulikuwa mwaka wa njaa, na ndiyo sababu akaitwa Wanzala. Mama alikuwa akisema mtoto huyo alikuja wakati hata panya wa ghalani walikuwa wamehama.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka wa 1972, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1978. Alipita, ila karo ya sekondari haikupatikana, akapelekwa kwa fundi viatu sokoni. Kipaji kilikuwa kimeshaonekana. Siku moja timu ya shule ilikuwa ikicheza ugenini na mpira ukapasuka kabla ya mapumziko. Wanzala aliomba sindano kwa mama muuza maandazi, akachomoa uzi kwenye pindo la kaptura yake, akaushona. Timu ililimwa mabao manne, lakini mpira ulirudi nyumbani mzima. Kaptura ndiyo ilimletea shida kwa Mama.

Mwaka wa 1984 alikuja Nairobi, akafikia Laini Saba na kuanza kushona viatu kando ya reli. Alifanya kazi hiyo miaka mitano, mpaka siku ya Machi 1989 alipofika Mzee Mbuthia, mwenye ploti kutoka Riruta, sasa naye ni marehemu. Mzee Mbuthia alileta viatu vya kubadilishwa soli. Alikuwa amekuja na Datsun yake nyekundu ya milango miwili, gari la mbio la mwaka wa 1973, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Usukani wa gari hilo ulikuwa umepasuka kwa jua na uzee. Wanzala alitazama ile mikono, kisha akasema, "Mzee, miguu yako haina shida. Hebu nione hiyo stering."

Alimkalisha ndani ya gari na kumwambia ashike usukani, afumbe macho, awaze anaenda Nakuru. Mzee Mbuthia alipotulia, Wanzala alichukua chaki na kutia alama mahali vidole gumba vilipolala. Halafu akaufungua usukani, akauvika ngozi, akaongeza unene kidogo pale penye chaki, na kuushona kwa mkono, tundu kwa tundu, siku nzima na nusu. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Hakuwahi kushona usukani wa mtu asiyemjua mikono. Alisema usukani ni kiatu cha mkono, na hakuna anayenunua kiatu kwa kuagiza jirani ampimie. Wenye magari ya zamani walipeana habari, na viatu vikaisha kibandani.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Sella Naliaka, ambaye wakati huo alikuwa akishona sare za shule hapa Kawangware. Sella hutumia mkono wa kushoto. Shuleni alichapwa kwa ajili ya huo mkono, na haukubadilika. Siku alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, alimpa shangazi yetu chai kwa kushoto, na shangazi akakataa kupokea. Wanzala alikunywa kikombe chake, akavuta na cha shangazi, akakimaliza, kisha akasema chai ya mkono huo ina sukari zaidi. Mungu aliwapa watoto wawili, Derrick na Valentine. Mwaka wa 2009 familia ilihamia kwenye ploti ya Mzee Mbuthia hapa Kawangware, kibanda cha kazi mbele, chumba nyuma, pazia katikati.

Sasa, mlio na karatasi ya ibada mtaona inasema, "Aliugua kwa muda, akivumilia." Imeishia hapo. Kamati ya mazishi iliikata sehemu iliyobaki, ikasema nitamwaibisha marehemu. Lakini mimi nilitumwa na marehemu, sikutumwa na kamati, kwa hiyo nasoma ile karatasi niliyoiandika.

Ugonjwa wa kutetemeka ulimwanza mwaka wa 2016, mkono wa kulia. Alimficha daktari, akatuficha sisi, akajificha hata yeye mwenyewe. Mwezi wa Septemba mwaka huo alikuwa na kazi moja mezani, na ilikuwa Datsun ileile nyekundu. Mzee Mbuthia alikuwa ameshafariki, na mwanawe Muiruri, aliyerithi ploti na gari, alitaka usukani uvikwe ngozi mpya. Wanzala alishona, akafumua. Akashona tena, akafumua. Mara ya tatu sindano ilimwingia kidoleni, naye akaitupa ngozi sakafuni. Sella alitoka nyuma ya pazia. Alisema, "Lete hapa, baba Derrick. Utaiua hiyo ngozi."

Akaketi, akashona mpaka mwisho. Wanzala aliitazama kazi, akaigeuza upande huu na huu. Mshono wake yeye ulikuwa ukilala kulia, na wateja wote waliujua. Huu ulilala kushoto, kwa sababu ya mkono ulioushona. Muiruri alipokuja, alipitisha kidole gumba mzunguko mzima. "Mzee, hii ni noma," akasema. "Umebadilisha style?"

Kaka yangu alifungua kinywa. Nyuma ya pazia Sella alikuwa akisikia. "Eeh," akajibu. "Nimebadilisha kidogo."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Wanzala ilikuwa na urefu wa miaka tisa. Watu walianza kuja kutoka Karen, kutoka Nakuru, wakiagiza ile ya kulala kushoto. Yeye aliketi mbele, akashikisha watu usukani, akawafumbisha macho, na mkono ulipozidi kutetemeka akawapa chaki watie alama wenyewe. Sella alikata na kushona nyuma ya pazia. Mimi niliijua siri siku nilipowaletea ndizi nikafungua pazia bila kubisha. Nilikasirika, sitawaficha. Nilimwambia, "Kaka, watu wanakusifu kwa kazi ya mama Derrick na wewe unaitikia?"

"Bridgit, punguza sauti," akasema. "Hawa watu wakijua ni mama anashona, wataenda."

"Wataenda wapi na ni yake wanaagiza?"

Alilivuta pazia likafunga. Aliogopa. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, baba asiyelala mtoto akikohoa, na aliogopa kwamba bila ile mikono hangekuwa mtu tena. Nilimpenda, na jambo hilo lilinichoma kila nilipopita pale kibandani.

Mwezi wa Septemba mwaka huu alianguka bafuni, akavunjika nyonga, kisha kifua kikamshika kule hospitalini. Jumapili ya mwisho tulikuwa naye mimi na Sella. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. Alisema, "Bridgit, wewe ndio utasoma. Msinizike na sifa za mtu mwingine." Kisha akautafuta mkono wa kushoto wa Sella, akaushika. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini.

Jana nilimuuliza Sella kama nisome. Alinimiminia chai kwanza. Akasema, "Soma. Lakini usimseme vibaya." Simsemi vibaya. Nasema hivi kwa sababu wiki iliyopita Muiruri alimwambia Sella, kwa upole na kwa heshima, kwamba kibanda kitapewa mtu mwingine mwisho wa mwezi, maana fundi hayuko tena. Muiruri, ndugu yangu, nakuona umeketi pale kwenye nguzo. Hukukosea, ulikuwa hujaambiwa.

Kwa hiyo, mkitoka hapa, kabla hamjawasha magari, pitisheni kidole kwenye usukani. Mshono ukilala kulia, ulishonwa na marehemu, na mumkumbuke. Ukilala kushoto, aliyeushona ameketi hapa mbele, amejifunga kitambaa cheupe. Mwendeeni mumpe pole. Mpeni mkono wa kushoto, ndio aliofanyia kazi.

Wanzala ameacha mwanawe Derrick na mke wa Derrick, binti yake Valentine, wajukuu wawili, na mimi dada yake. Ameacha mjane, Sella Naliaka, fundi wa usukani.

Bwana aipumzishe kwa amani mikono ya Wanzala, maana ilichoka. Ya Sella itafungua kibanda Jumatano, saa mbili asubuhi, kama Muiruri atakubali.