Mtoto wa Kwenye Simu

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa anasinzia kwenye treni pale simu ya mzee aliyeketi karibu naye ilipoita. Mzee alikuwa fundi viatu, na masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo alifungulia sauti mpaka behewa zima likasikia.

"Shikamoo, baba. Ni mimi mwanao, hii namba yangu mpya. Nimepata ajali, baba, nitumie pesa ya matibabu sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula lakini?"

Usingizi ukamruka muuguzi. "Baba, kata simu. Huyo ni tapeli."

"Najua," mzee akasema taratibu, akiwa ameiziba simu kwa kiganja. "Mwanangu ana kigugumizi. Huyu anamwaga maneno kama maji."

"Sasa unaongea naye nini?"

"Mwanangu huu mwaka wa tatu hajanipigia. Huyu ameshaniita baba mara ngapi, na treni hata haijavuka daraja la mbele."

Muuguzi akasema, "Atakulainisha mpaka utume. Ndiyo kazi yao."

"Hapati hata senti. Tunaongea tu."

"Basi mpigie wa kwako."

"Asipopokea?"

Treni ikasimama kwenye kituo cha muuguzi. Alisimama, akachukua mkoba wake, akamtazama mzee, ambaye bado alikuwa ameifumbata ile simu iliyokuwa ikiita baba, baba. Watu walishuka. Yeye akaketi tena. "Nisomee namba ya mwanao," akasema. "Tutampigia kwa simu yangu."