Ubeti wa Pili wa Selemani

Kijiwe chetu kiko Ng'ambo, hapa Tabora, ubavuni mwa banda la baiskeli la Masolwa, na benchi letu ni boksi la spika. Ni boksi la besi la bendi yetu, Asali Jazz, lililolazwa chini miaka sita iliyopita spika yake ilipopasuka. Hapo tunakutana kila siku baada ya sala ya alasiri, watu wale wale, midomo ile ile. Masolwa tunamwita Besi, maana alipiga gitaa la besi miaka ishirini na saba kabla ya kurudi kwenye spoku na pedeli. Ezekia ni Mheshimiwa, mwenyekiti wa wapenzi wa bendi, cheo ambacho hakijawahi kupigiwa kura. Mustafa ni Profesa, fundi cherehani aliyeshona sare za bendi na ambaye hajawahi kukosea, kwa maelezo yake mwenyewe. Omari anatuuzia kahawa, tunamwita Dele, kwa jina la birika lake. Mimi naitwa Sayi, nilikuwa nakata tiketi, kwa hiyo hapa kijiweni naitwa Mlango. Jumatatu hiyo tulikuwa hoi. Jumamosi bendi ilipiga bila mwimbaji wake, Selemani, aliyeangushwa na kiharusi mwezi wa pili, na ukumbini walikuja watu tisa.

Profesa: Tisa!

Besi: Tisa, na mmoja alikuwa anasubiri mvua ikatike.

Mheshimiwa: Msikate tamaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Besi: Kibaba gani, Mheshimiwa? Jumamosi ya nyuma walikuwa kumi na wanne, sasa tisa. Haba na haba yako inarudi kinyumenyume.

Dele: Mimi nilishasema, mkanicheka. Muziki wa mji huu ulianza kufa siku wanamuziki walipoacha kahawa, wakahamia vile vinywaji vya makopo. Mtu anapanda jukwaani moyo unamdunda kuliko ngoma. Ataimba saa ngapi?

Profesa: Kahawa haina kosa wala sifa. Sare ndiyo iliyouawa. Nilishona suti kumi na moja, kitambaa cha rangi ya maziwa, kola samawati. Siku walipopanda na fulana, kila mtu na yake, nilimwambia mke wangu: hawa wamekwisha. Mwanamume aliyevaa fulana akikuimbia mapenzi, nani atamwamini?

Besi: Bhebhe, we Profesa, acha kuzingua. Nani anasikiliza kola? Kilichokuwa kinashika miguu ya watu ni besi. Hili boksi mnalolikalia lilipokufa, miguu ya Tabora nzima iliingia ganzi. Na siyo miguu tu. Na nyuki.

Profesa: Nyuki!

Besi: Nyuki wa Sikonge. Upepo ukielekea kusini, besi ilikuwa inafika mpaka porini, nyuki wanatulia mizingani wanafanya kazi. Leo muulize mrina asali yeyote. Mizinga mitupu!

Dele: Sikonge ni kilomita sabini na ushee, Besi.

Besi: Besi iliyopigwa vizuri haijui kilomita.

Dele akamimina raundi ya pili bila kuulizwa. Mheshimiwa alikunywa kikombe chake chote kwanza, kama afanyavyo akitaka kufunga mjadala.

Mheshimiwa: Tusibishane kitoto. Mbona hamsemi habari ya treni? Enzi zile dereva wa treni ya Kigoma, kila Jumamosi, alikuwa anachelewa kuondoka kwa makusudi. Kwa nini? Abiria wasikie majina yetu yakitajwa jukwaani. Na jina la kwanza lilikuwa la nani?

Profesa: Lako, Mheshimiwa. Tunajua.

Mheshimiwa: Watu walikuwa wanashuka Kigoma wanaulizana, huyo Ezekia ni nani? Majina yalipokoma, treni ikaanza kuondoka kwa wakati, watu wakaacha kuja. Mwenda pole hajikwai.

Methali hiyo iliingiaje hapo, sikuwa na nguvu ya kuuliza. Nimechoka na methali za Ezekia kama nilivyochoka na viti vitupu.

Lakini habari ya majina ni ya kweli. Wimbo wetu mmoja tu ndio ulioimbwa na mji mzima, “Nisubiri Stesheni”, aliotunga Selemani mwenyewe. Mwaka fulani bendi ilialikwa Igunga, haina usafiri. Ezekia akatoa pikapu yake, akakataa malipo, akaomba jambo moja tu: atajwe. Baada ya ubeti wa kwanza magitaa yakashushwa, Selemani akamtaja mara moja, kwa heshima zote. Jumamosi iliyofuata Profesa akauliza kama zile suti alijishonea yeye. Akatajwa. Haukupita mwaka, majina yakafika thelathini na mawili, na Selemani aliyajua yote kwa kichwa, kila mtu na kazi yake na sifa yake. Ambaye hakutajwa alinuna mpaka Jumatano. Nalijua hilo kwa sababu nilinuna wiki mbili kabla ya kuingizwa, jina la kumi na moja.

Tulikuwa tunabishana nani alikuwa wa nne, ndipo Shamila, binti wa Selemani, akatokea upande wa barabara ya Kitete, kajitanda khanga, simu mkononi.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu. Mzee anaendeleaje?

— Tunamshukuru Mungu.

Mheshimiwa alijinyoosha, akavaa sauti ya mkutano.

Mheshimiwa: Mwanangu, suala la mzee wetu lipo mezani. Kamati itakaa Ijumaa.

Hivyo ndivyo tulivyomjibu kwa miezi miwili kuhusu mchango wa matibabu. Kamati yenyewe ni hili boksi na sisi tuliolikalia. Mimi tangu mwezi wa pili nilikuwa nimekwenda kumwona Selemani mara moja, nikasimama mlangoni kama kawaida yangu, nikaaga.

Shamila: Hapana, baba. Sikuja kwa mchango. Nina swali moja tu la wimbo wa baba.

Profesa: Hapo umefika penyewe. Habari za Asali Jazz, hakuna tusilolijua.

Shamila: Mnajua baba hasemi. Neno lililobaki ni “haya”. Akitaka maji, haya. Akikasirika, haya. Sasa yule mama wa hospitali anayemfanyisha mazoezi aliniambia, mjaribie nyimbo zake, kuna wagonjwa ambao maneno yakikwama kwenye kusema hupita kwenye kuimba. Nikamwanzishia. Sikilizeni.

Aliweka simu juu ya boksi, kati ya Besi na mimi, na ubao ukaikuza sauti kidogo. Ilikuwa sauti ya Selemani. Nyembamba, upande mmoja wa mdomo mzito, lakini ni yeye.

Nisubiri stesheni, treni haijaingia,
mzigo wangu ni mdogo, maneno ndiyo mengi.
Nisubiri stesheni, usiku ukiingia,
nina jambo la kusema, sitaki kulituma.

Vidole vya Besi vilianza kutembea gotini vyenyewe. Kisha Selemani akashusha sauti, akaanza kutaja.

Ezekia mwenye gari, na roho pana ya gari. Mheshimiwa akavua kofia. Mustafa wa cherehani, mkono usiokosea. Profesa akatazama viatu vyake. Omari wa kahawa, chungu yake ni tamu. Dele alishika birika kwa mikono miwili wala hakumimina. Aliwataja mpaka marehemu. Likafika la kumi na moja: na Sayi wa mlangoni, asiyesahau sura. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakuruka hata mmoja. Alipomaliza yule wa thelathini na mbili, tulisikia kiganja kikipiga godoro, kinahesabu mapigo. Pumzi ikavutwa ya kuanzia. Halafu kimya.

— Haya, ilisema simu. Haya. Haya...

Kilichofuata kilikuwa kilio. Shamila akaizima.

Shamila: Kila siku anakwama hapo hapo. Anarudi mwanzo, anaimba, anawataja wote, anafika hapo, anatafuta, hapati, analia. Marehemu mama alikuwa akiniambia wimbo huu una ubeti wa pili, na jina lake yeye mama limo humo. Naomba mnisaidie. Nikimwanzishia neno la kwanza tu, naona ubeti utatoka wote. Ubeti wa pili unaanzaje?

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anaponda kokoto, tulimsikia kila pigo.

Profesa: Unaanza... Nisubiri stesheni...

Shamila: Huo ni wa kwanza, baba.

Profesa: Ngoja. Kulikuwa na neno “mvua”. Au “mwezi”. Mlango, si kulikuwa na mwezi?

Mimi: Sijui.

Besi: Mimi najua ilivyokwenda. Du, du-du, du, inapanda, inashuka. Hapa inashuka! Vidole vinajua. Maneno... mimi nilikuwa naangalia nyuzi.

Dele: Kaseti je? Si tulirekodi kaseti?

Mheshimiwa: Kaseti ninayo nyumbani. Ina majina.

Dele: Na baada ya majina?

Mheshimiwa: Ikaisha upande.

Mheshimiwa akatoa simu, akampigia Raymundi, aliyekuwa gitaa la pili, siku hizi analima alizeti huko Igunga. Akaweka sauti ya nje ili wote tusikie. Salamu zikachukua muda, za nyumbani, za mvua, za ng'ombe. Akamuuliza.

— Ubeti wa pili? akasema Raymundi. Si ndipo mlipokuwa mnatajwa nyinyi?

— Baada ya hapo, ndugu yangu.

— Baada ya hapo ni kucheza tu. Kwani kulikuwa na kitu?

Mheshimiwa akashukuru, akakata simu. Nilingoja methali. Haikuja.

Besi: Kulikuwepo.

Alisema akiwa ameinama, anachokoa uchafu wa grisi kwenye kucha.

Besi: Mwanangu Shamila, ulikuwepo. Miaka mitatu ya mwanzo aliuimba kila Jumamosi. Halafu majina yakawa mengi. Yakiisha, watu wanataka kucheza, na yeye ndio kwanza anaanza kuimba taratibu, amefumba macho. Ukumbi unapoa. Mimi ndiye niliyemfuata nyuma ya jukwaa. Nikamwambia, Sele, huu ubeti turuke. Watu wameshatajwa, wanasubiri nini tena?

Shamila: Yeye akasema nini?

Besi alijifuta grisi kwenye suruali.

Besi: Akasema haya.

Dele, kwa kutafuta la kufanya, alichukua kikombe safi, akamwinamishia Shamila birika. Likatoa matone mawili na machicha.

Dele: Imeisha, mwanangu. Nisamehe.

Shamila: Haidhuru, baba. Njooni mmwone lakini. Msingoje Ijumaa. Atafurahi, anawajua nyote.

Akatuaga mmoja mmoja kwa heshima, akaichukua simu yake juu ya boksi, akarudi na barabara ile ile. Besi alianza tena kupiga gotini kwa vidole, ubeti wa kwanza, taratibu. Akafika kwenye majina, akaacha.

Wenzangu walidhani mimi nitakumbuka, kwa sababu sikucheza wala sikupiga chombo, nilikuwa nimesimama tu pale mlangoni miaka yote hiyo. Sikuwaambia ukweli. Jina langu lilikuwa la kumi na moja. Likishatajwa, nilikuwa natoka nje kupunga upepo.